Tumboni mwa Samaki wa Turubai

"Toka nje! Toka uwaambie watu ulimtilia nini mwanangu!"

"Nimeshatoka, Mama Efraimu. Nipo hapa. Wewe ndiye unagombana na mlango."

Watu waliojaa pale Mjimwema wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba ni msiba, wakajikohoza. Ua wa mianzi uliotenganisha nyumba hizo mbili ulikuwa umelala upande kwa jinsi walivyouegemea. Wengine walikuja na watoto mgongoni, wengine na viazi vya kuchoma mkononi, maana ugomvi wa namna ile hauna saa ya kuisha na njaa haingoji.

"Birika!" Hulda alipiga kelele, kitambaa cheusi cha msiba kimemteleza kichwani. "Uji wa watoto wote kwenye sufuria, wa mwanangu kwenye birika! Kwa nini?"

"Mwalimu Manase ndiye aliyeagiza. Watoto wa samaki wa igizo wanywe kwanza kwa kuwa wanaingia kwanza. Kamuulize."

"Na aliyekoroga ni nani? Mwalimu?"

"Ni mimi, kama ninavyokoroga kila siku." Vestina alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na alisimama kwenye kizingiti chake kama anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. "Mama Efraimu, tangu mtoto huyo anatambaa unakuja kwangu alfajiri na kigae chako kuchota makaa. Chakula chenu chote kimeiva kwa moto wa jiko langu. Leo ndiyo nimekuwa mwuaji?"

"Moto wako nimeumwagia maji! Tangu tumzike sijawasha. Heri nilale na baridi ya sakitu kuliko..."

Tabea, mama mnene wa nyumba ya tatu, akalidaka neno lisianguke. "Kuliko kuota moto wa mchawi! Maliza, mama, usiogope, tupo."

Koplo Linus Mligo alikuwa amesimama nyuma yao muda wote huo, vumbi la barabara ya Makambako bado liko kwenye nyusi zake. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake: alipenda kusikiliza ugomvi mpaka mwisho. Watu wakigombana, alisema, hutoa vitu ambavyo ukiwaita ofisini na kuwapa kiti hawavitoi ng'o.

Tabea ndiye aliyemwona kwanza. "Polisi huyo! Karibu, Bwana Koplo. Jina lako nani vile?"

"Linus."

"Linus wa wapi?"

"Wa kituo cha Makambako."

"Kituo tunakijua. Nauliza ubatizo."

"Uwemba, kwa mapadre."

"Mmesikia wenyewe," Tabea akawaambia watu. "Mpishi wa Uwemba, polisi wa Uwemba. Kesi imekwisha, twendeni tukalale."

Linus akacheka pamoja nao, akapita katikati yao, akamwamkia Hulda kwa sauti ya chini. Kisha akaingia kwa Vestina. Mlangoni alikaa Anania, tarishi wa mtwa, chifu wa pale, mkuki magotini, akilinda asitoroke mtu ambaye hakuwa na pa kutorokea.

Kisa chenyewe Njombe nzima ilikuwa inakijua, na kila mtu alikuwa na chake. Likizo ile ya miezi ya baridi, misheni iliwakusanya watoto ukumbini kila asubuhi wafundishwe igizo la nyimbo, mchana warudi makwao. Lilikuwa igizo la nabii Yona. Palikuwa na kinanda, palikuwa na meli ya mbao, na palikuwa na samaki mkubwa wa turubai ambaye watu walitembea kutoka mbali kuja kumchungulia dirishani. Yona alikuwa Efraimu, mtoto wa pekee wa Hulda. Ijumaa, wazazi wamekaa kwenye mabenchi, watoto wakaimba, "Tapika, samaki, tutapikie Yona!" Samaki asitapike. Wakarudia wimbo. Walipomfungua, Yona alikuwa amelala kwa upole, mkono chini ya shavu, amekufa. Hilari na Idda, watoto wawili waliokuwa mkiani mwa samaki, walitapika na kushika vichwa. Watatu hao, na hao peke yao, ndio waliokunywa uji wa kwenye birika.

Daktari alikuwa safarini. Dresa wa zahanati akaandika: sumu.

Siku iliyotangulia, Linus alikuwa amelifuata gunia la unga. Lilisafiri kutoka Makambako ndani ya lori moja na pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kila aliyesikia alisema hapo ndipo penyewe. Akarudi Makambako, akawatafuta wapakiaji. Kumbe gunia lilipasuka njiani, nao wakajichotea unga, wakala ugali siku mbili na wala hakuna aliyeumwa hata tumbo. Unga ulikuwa safi. Na hilo lilimchongea Vestina zaidi: kama sumu haikuja na unga, basi ilitoka kwenye mkono wa mtu.

Bwana Inspekta hakupenda maneno mengi. "Kesho lori la posta likipita, huyo mwanamke awe ndani yake," alisema alfajiri hiyo. "Iringa kuna hakimu. Hapa kuna majirani tu."

Ndani ya nyumba ya Vestina chungu cha maharage kilikuwa motoni, kimejaa hadi shingoni.

"Utakula, Koplo?"

"Nimeshiba, mama."

Vestina akafunika chungu polepole. "Hata wewe," akasema. "Tangu Ijumaa napika, tangu Ijumaa namwaga. Anania pale mlangoni anakuja na kiazi chake mfukoni. Haya, uliza."

"Uliwapelekea birika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Walinywea wapi?"

"Hilari na Idda nje, ukutani penye jua. Efraimu alikuwa ameshaingia kwenye samaki, nikampitishia kikombe kwenye mwanya wa mdomo. Mkono ukatoka, ukakipokea, ukasema asante. Mkono wenye adabu."

"Birika liliisha?"

"Lilibaki kidogo, nikanywa mimi."

"Nani alikuona?"

"Nani humtazama mpishi akinywa?"

Alijibu upesi, bila kutafuta maneno. Linus akageuza upande.

"Binti yako ndiye aliyekuwa Yona kwanza."

"Ndiye. Noela ana sauti, hata kinanda chao kilikuwa kinamfuata yeye. Kisha wazazi wakaenda kwa Mwalimu, wakasema nabii hawezi kuwa msichana. Tena wa Uwemba. Wakamtoa. Mimi wakanibakiza jikoni, uji hauna dhehebu."

"Ulikasirika."

"Wewe ungecheza ngoma?"

"Noela yuko wapi?"

Hapo Vestina akainama kusukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. "Amelala. Ana mafua."

"Tangu lini?"

"Baridi hii, Koplo. Watoto wote wana mafua."

"Ijumaa alikwenda ukumbini?"

"Walimfukuza. Angekwenda kufanya nini?"

Linus akaiangalia kona ya meko, kulikorundikwa majivu mengi kuliko mahali pengine, na mwanamke aliyesimama mbele ya kona hiyo. Akavaa kofia yake. Nje, Tabea akamuuliza kama amekiri. "Amenikaribisha maharage," Linus akajibu. Watu wakarudi nyuma hatua moja, kana kwamba maharage yenyewe yangewarukia.

Mwalimu Manase alimpokea mlangoni mwa ukumbi. Kijana mwembamba, sweta la kijani, sauti nzuri iliyozoea kutii kinanda. Macho yalikuwa mekundu.

"Samaki hajaguswa," alisema. "Sikuweza."

Samaki huyo alikuwa kazi ya watu wenye mikono. Mafundi wa vikapu walipasua mianzi wakaikunja kuwa mbavu, juu yake wakavuta turubai la lori lililopakwa lami, wakalishona likakaza kama ngozi ya ngoma. Macho yalikuwa sahani mbili za bati. Mdomo ulifungwa kwa kamba iliyopita kwenye matundu ya turubai, kama kiatu.

"Kamba hii nani huifunga?"

"Mimi."

"Kwa ndani?"

"Kwa nje. Watoto hawana subira, Koplo. Kila mazoezi Yona alikuwa anatoa kichwa kumtafuta mama yake. Nikasema siku ya wazazi hatachungulia mtu."

"Na tumboni na mkiani pametenganishwa vipi?"

"Kwa mkeka uliosimamishwa. Mkiani pako wazi kidogo, Hilari na Idda wanatoa miguu ili mkia ucheze. Tumboni hakuna mwanya. Ndiyo raha yake, Yona anatokea ghafla."

"Ulifunga kamba akiwa mzima?"

"Aliniambia, 'Mwalimu, nina usingizi.' Nikamwambia Yona pia alilala." Manase akatazama pembeni. "Wazazi walichelewa kukaa. Mzee wa kanisa akaomba sala ndefu. Halafu tukaanza na meli, na dhoruba."

"Na watoto walipoimba naye asitoke?"

"Nikasema rudieni. Nilidhani ameona haya."

"Mkarudia."

"Mpaka wazazi wakaanza kucheka."

Linus akavua kofia, akafungua kamba, akaingia kwa magoti. Ndani palikuwa na giza na harufu ya lami. Alipofika tumboni alihema kwa nguvu akaona jinsi hewa ilivyo nzito, ingawa mdomo ulikuwa wazi nyuma yake. Akapapasa. Juu ya mkeka wa chini, karibu na pale kichwa cha mtoto kingelala, kidole chake kikashuka kwenye tundu. Akawasha kiberiti. Mkeka ulikuwa umeungua duara safi, upana wa kopo. Pembeni yake palikuwa na vumbi jeupe la jivu.

Akatoka akipangusa magoti. "Mwalimu, mle ndani mlikuwa mnaweka taa?"

"Taa? Kwenye turubai lenye lami? Bibi wa misheni angenifukuza kazi. Moto ni marufuku humu ndani. Hata makopo ya watoto hubaki nje, na akiingia nalo mtu anachapwa."

"Nionyeshe makopo."

Yeyote aliyekulia kwenye uwanda ule hahitaji kuelezwa, ila mgeni wa pwani atataka kujua. Miezi ile ya baridi nyasi hupambazuka nyeupe, na mama hamtoi mtoto nje bila kopo lake: kopo la bati lililotobolewa kwa msumari kila upande, waya wa kushikia, makaa ya moto ndani. Mtoto hutembea akilizungusha ili makaa yasizime, na ukiwa mlimani alfajiri utaziona nukta nyekundu zikishuka kwenda shule. Mama akisahau kumpa mtoto kopo, majirani humsema mwaka mzima.

Nje, chini ya upenu wa ukumbi, misumari ilikuwa imepangwa mstari, na makopo bado yalining'inia, maana Ijumaa watoto walikimbia wakayaacha. Linus akatembea akiyatazama moja moja. Msumari wa kwanza, ulio karibu na mlango, ulikuwa mtupu.

"Huu wa nani?"

"Wa Efraimu. Yona huingia kwanza."

"Kopo liko wapi?"

"Labda aliondoka nalo."

"Aliondoka amebebwa, Mwalimu."

Manase akautazama msumari. Akaketi kwenye ngazi bila kuangalia anapoketi.

Zipora, mama mzee wa kanisani, ndiye aliyemwosha maiti. Linus alimkuta uani kwake akipukuchua mahindi, mjukuu wake kando yake akipukuchua pia. Mjukuu mwenyewe alikuwa Idda, yule wa mkiani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umekuja kuniuliza kama alitapika."

"Alitapika?"

"Nguo zake zilikuwa safi kama za Jumapili. Hata kinywani hapakuwa na kitu." Mikono yake haikusimama. "Nimeosha watoto wengi mimi. Wa homa, wa kuhara, yule aliyekula mizizi ya porini. Wote wanakuwa na rangi ya jivu. Huyu midomo ilikuwa myekundu, kama aliyetoka kula matunda. Na chini ya kucha hivyo hivyo. Nikawaambia wanawake, ngojeni, huyu kalala. Nikamwekea kioo puani." Akatupa gunzi. "Kioo kikakaa kikavu."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza? Waliniuliza kama maji yanatosha."

Linus akachuchumaa. Miaka michache nyuma, pale Makambako, msimu kama huo, mataniboi wawili, wapakiaji wa lori, walijifungia kwenye kichwa chake na jiko la mkaa, vioo vimepandishwa, matundu yamezibwa kwa magunia. Asubuhi walikutwa wameegemeana kama wapenzi, midomo myekundu. Madereva waliapa kuwa wamerogwa na mwenye lori jingine, na mzee mmoja alifukuzwa mjini kwa ajili hiyo. Dresa wa siku zile ndiye aliyemwita Linus kando. Moshi unaouona unakukohoza, ukakimbia, alimwambia. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonekana. Katika chumba kilichozibwa yanakuimbia mpaka unalala. Mzee yule aliyefukuzwa hakurudi. Inasemekana alifia njiani.

"Idda," Linus akasema, "Ijumaa kichwa kilikuumaje?"

Msichana akatazama mahindi. "Kama kimefungwa kamba. Nikatoa kichwa mkiani, nikatapika, kikapoa."

"Mle ndani palikuwa na baridi?"

"Hapana. Palikuwa na joto."

Zipora akaacha kupukuchua.

"Joto lilitoka wapi, Idda?" Linus akauliza, taratibu.

"Nimekula kiapo."

"Umemwapia nani?"

"Noela," alisema Idda, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, kana kwamba neno linaweza kurudishwa.

Aliporudi Mjimwema jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti ya miwati, na watu walikuwa wameongezeka. Habari ya kwamba koplo ametambaa ndani ya samaki ilikuwa imemtangulia. Hulda alikuwa ameketi chini upande wake wa ua, na Tabea alikuwa anamsimulia mgeni mmoja aliyekuja kununua mianzi, akiigiza sauti zote.

Linus hakubisha hodi. Aliingia, akachukua kijiti, akaelekea kwenye kona yenye majivu mengi. Vestina akasimama mbele yake.

"Sogea, Mama Noela."

"Nifunge pingu."

"Sogea."

"Nimesema nifunge! Andika kwamba nilitia sumu. Nitaweka dole gumba."

"Sumu gani?"

"Yoyote. Chagua wewe, si wewe polisi?"

"Ya panya au ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe nilikwenda kuwauliza Makambako, mama. Wamekukana." Linus akashusha sauti ili isivuke mlango. "Mtu aliyetia sumu huwa anakataa. Wewe asubuhi ulikataa, na sasa unakiri kwa sababu nimesogelea majivu. Binti yako hakunywa uji wa birika. Hakunywa wa sufuria. Aliumwa nini?"

Vestina akatupa jicho kwenye mlango wa chumba cha ndani.

Pazia la gunia likasogea. Noela akatoka, shuka begani, macho yamevimba. Mtoto wa miaka kumi na moja hivi, mrefu kama mama yake.

"Rudi ndani," Vestina akasema.

"Nilikuwa namfundisha wimbo," Noela akamwambia Linus. "Ile sehemu ya juu ilikuwa inamshinda. Kila siku wenzetu wakinywa uji nilikuwa naingia kwenye samaki tunaimba polepole, ili Mwalimu asisikie. Aliniomba mwenyewe. Alisema mimi ndiye Yona wa kweli, yeye ni wa kuonyeshwa watu."

"Na Ijumaa?"

"Alikuwa anatetemeka. Meno yalikuwa yanagongana, sauti haitoki. Akasema, niletee kopo langu. Nikalichukua msumarini nikalificha ndani ya kanga. Tukabana mwanya wa mdomo ili mwanga usionekane. Mama akaleta kikombe, mimi nikajibana nyuma. Baadaye kichwa kikaanza kuniuma, nikamwambia mimi natoka. Akasema, acha kopo." Akavuta shuka. "Nikatoka, nikatapika kwenye mianzi. Nilikuwa mianzini walipokuwa wanaimba. Nilijua ataitoa ile sauti ya juu. Nikawa naingoja."

Vestina alikuwa ameuficha uso kwenye kiganja. "Nililiona kopo nilipokwenda kukusanya vikombe," alisema. "Watu wote wanalia, hakuna aliyetazama mkekani. Nilijua huwa anaingia mle kumfundisha, nikafikiri watasema Noela alitaka kumchoma kwa wivu. Nikalibeba. Mimi wataniita mchawi, nimeshazoea. Huyu bado ana maisha."

"Ulijua kwamba makaa ndiyo yaliyoua?"

"Makaa? Makaa yanaua vipi?" Akamtazama kweli kweli. "Koplo, sisi wote tumelelewa na makaa."

Linus akamweleza, kwa maneno machache aliyofundishwa na dresa. Mwanamke alisikiliza huku akimvuta mtoto kwapani, akimziba masikio, lakini mtoto alikuwa ameshasikia. Linus akafukua majivu kwa kijiti. Kopo likatoka: la bati, kubwa, lililotobolewa kwa mistari iliyonyooka, waya wake umefungwa kitambaa chekundu ili usiunguze vidole vya mtoto. Kazi ya mama mwenye muda na mtoto mmoja.

Alipotoka nalo mlangoni, watu wakasogea kulitazama.

Hulda akainuka. Alivuka ua uliolala, akaja moja kwa moja.

"Hilo ni langu," alisema. "Nililifunga mwenyewe kitambaa hicho. Mmelitoa wapi?"

"Mama Efraimu, Ijumaa asubuhi ulimpa kopo?"

"Siku zote nampa. Alikuwa na kikohozi. Nilikuja kwa huyu kuchota makaa nikamjazia mpaka juu, yasizime. Kwa nini?"

Linus alikuwa ameshawapa watu wengi habari mbaya, na hakuwa na namna nzuri ya kuzitoa. Akasema yote palepale, mbele ya Mjimwema nzima, maana uongo ulisemwa mbele ya Mjimwema nzima: kwamba uji haukuwa na kitu, kwamba kopo liliingizwa kwenye samaki, turubai likafungwa kwa kamba kwa nje, na makaa yakamaliza hewa, kwamba mtoto hakuumia, alilala. Alisema pia jinsi kamba itakavyoandikwa kwa Bwana Inspekta, na nani aliyeifunga. Kisha akamwambia Anania achukue mkuki wake aende nyumbani.

"Lori la kesho je?" Anania akauliza.

"Litapeleka barua za watu."

Mgeni wa mianzi akavua kofia.

Hulda alikuwa amelipokea kopo. Alilishika kwa mikono miwili, akaweka kidole kwenye tundu moja, kisha lingine, kama anayeyahakiki.

"Nani aliliingiza?" aliuliza. "Mwanangu alikuwa mtii. Mwalimu alikataza. Nani alimpelekea ndani?"

Linus akatazama kofia yake. Nyuma yake, shuka likasogea, na Vestina akatangulia mbele ya binti yake, akasimama kizingitini palepale aliposimama asubuhi.

"Makaa yangu, kopo lako," alisema. "Unamtaka na wa tatu wa nini?"

Wanawake wale wawili wakatazamana. Macho ya Hulda yakapita begani kwa Vestina, yakakuta uso wa mtoto, yakakaa hapo. Pengine alielewa. Baadaye watu wa Mjimwema walibishana sana juu ya hilo, na kila mmoja alikuwa amesimama karibu kuliko mwenzake.

"Nilimjazia mpaka juu," Hulda akasema tena, kwa sauti ndogo, bila kumwambia mtu.

Ubaridi ulikuwa unashuka. Linus akaacha viatu vyake mlangoni, akaingia, akanawa mikono kwenye bakuli, akaketi penye mkeka karibu na chungu, mlango ukiwa wazi ili wamwone. Alipotia maharage ya kwanza kinywani, watu wa uani wakanyosha shingo kumtazama.

Hakuna aliyemfuata. Walikuwa wanautazama uso wa Vestina, nao haukuwatazama. Ulikuwa unamtazama jirani yake aliyesimama na kopo tupu, na nyuma yake nyumba ambayo paa lake halikuwa limetoa moshi tangu mazishi.

"Kwako hakuna moto, Mama Efraimu," Vestina akasema, akasogea kumpisha. "Ingia ule."